Jinsi ya Kusifiwa kwa Mkate Ambao Hukuukanda

Sogea karibu, maana mengine hayasemwi mbele ya mama mkwe. Unataka mkate wa nyumbani wenye ganda la kahawia linalolia ukilibonyeza, na ndani uwe na matundu makubwa kama ya jiwe la volkano ya Nyiragongo. Unataka wageni waonje, wanyamaze kidogo, kisha waulize nani kaupika. Kukanda hutaki. Una haki. Umeamka kabla ya jua, umebeba bido mbili za maji, umekwenda kazini kwa pikipiki na kurudi na vumbi jeusi mpaka kwenye meno. Mikono imechoka, iache ipumzike. Kazi ya kukanda tutaupa usiku, nao haudai malipo.

Ondoa aibu kwanza. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, kuna mkate wa kumimina: mchele unalowekwa, unasagwa pamoja na tui la nazi, unatiwa hamira na sukari, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa kwenye sufuria na kupaliwa makaa juu na chini. Hakuna anayeukanda, na hakuna aliyewahi kumwita bibi wa Kizanzibari mvivu kwa sababu hiyo. Ngano nayo ilipata wakili wake huko Marekani. Tarehe 8 Novemba 2006, Mark Bittman aliandika katika gazeti la New York Times juu ya Jim Lahey, mwokaji wa Sullivan Street Bakery, ambaye alikuwa anaoka mkate wa ngano bila kuukanda kabisa. Unga, maji, chumvi, hamira kidogo mno, na saa nyingi. Watu waliokuwa wakiogopa unga maisha yao yote wakaanza kuoka. Vipimo nitakavyokupa ni vya Lahey. Moto ni wa kwetu, Goma.

Hatua ya 1: nunua kidogo

Unahitaji unga wa ngano gramu 400, chumvi gramu 8, maji mililita 300 na hamira gramu 1. Hamira ndiyo hiyo levire ya dukani, ile ya chembechembe, katika pakiti ndogo ya gramu 11. Umesoma vizuri: gramu moja, yaani robo ya kijiko cha chai. Pakiti moja ina mikate kumi na mmoja ndani yake. Jirani yako anaimwaga yote kwenye bakuli moja, mkate unavimba kwa saa moja kama mtu mwenye hasira, na mdomoni unabaki na harufu ya pombe. Wewe utatumia gramu moja na wiki nzima uonekane mtu mwenye bajeti.

Unga wa mahindi na wa muhogo uache kwenye ugali. Si kwamba nauchukia, naula kila siku. Lakini hauna gluteni, na bila gluteni hakuna cha kuishika hewa. Utapata tofali.

Maji ya ziwa yaliyotiwa klorini pale yanapochotwa ni mazuri, usiruke dawa hiyo. Yamimine tu kwenye chombo kipana na kuyaacha saa chache kabla ya kuyatumia. Hamira ni kiumbe hai, na klorini kazi yake ni kuua viumbe hai. Waachanishe kidogo kabla ya kuwakutanisha.

Hatua ya 2: changanya halafu uondoke

Tuseme wageni wanakuja Jumapili saa saba mchana. Jumamosi saa kumi jioni chukua bakuli. Tia unga, chumvi na hamira, koroga vikavu. Mimina maji, geuza kwa mwiko mpaka usione unga mkavu popote. Dakika moja inatosha, mbili kama una simu mkononi.

Sasa tazama ndani. Kinyunga ni kibaya. Kinanata, kina mabonge, kinaning'inia kwenye mwiko kama tope la barabara ya Ndosho baada ya mvua. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaona aibu, wanaongeza unga ili kipendeze. Usiongeze. Funika bakuli kwa sahani, lisogeze kwenye kona ambako watoto hawafiki, nenda kaoge.

Nikueleze kwa nini unaweza kuondoka bila wasiwasi, maana mtu akijua sababu hudanganya kwa moyo mtulivu. Ndani ya unga wa ngano kuna protini mbili, glutenini na gliadini. Zikilowa zinashikana, na mshikano huo ndio gluteni yenyewe: utando unaovutika kama mpira, unaonasa hewa. Kukanda ni kuzilazimisha protini hizo zikutane haraka na kujipanga. Lakini katika kinyunga chenye maji mengi zinaweza kutembea zenyewe. Mapovu ya hamira yanazisukuma polepole huku na huku, saa baada ya saa, na kufikia asubuhi zimejipanga. Anayekanda kwa dakika kumi ananunua muda kwa jasho. Wewe muda unao, maana ungelala hata hivyo.

Hatua ya 3: lala

Lahey anataka saa 12 hadi 18 katika chumba chenye joto la nyuzi 21 hivi. Goma inafaa kana kwamba ilipangwa. Tuko karibu sana na ikweta lakini tuko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana hauchomi na usiku unapoa vizuri. Ubaridi huo unaituliza hamira, na hamira ikifanya kazi taratibu mkate unapata ladha. Mimi huhesabu saa 16 na sijajuta.

Urefu huu una jambo lingine. Hewa ya kwetu ni nyepesi, mgandamizo wake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam. Mapovu yanapata nafasi ya kuvimba haraka. Ndiyo maana kipimo cha hamira kilichoandikwa kwenye kitabu cha watu wa pwani kikija Goma kinazidi. Ukiwa na wasiwasi, punguza hamira. Usiongeze kamwe.

Hewa inayojaza mapovu hayo unaijua kwa jina jingine. Ni hewa ukaa, ileile ya mazuku, inayotoka ardhini upande wa Sake na kandokando ya ziwa, ikajikusanya kwenye mabonde bila rangi wala harufu, na kuua mbuzi, na mara nyingine mtoto aliyetumwa kumfuata mbuzi. Kwenye bakuli lako ni kidogo na haina madhara. Nalitaja hilo kwa sababu ukifunua sahani asubuhi na kuona uso wa kinyunga umejaa vitundu, kimeongezeka mara mbili na kinanukia kama bia changa, utaelewa kwamba usiku kucha kuna kitu kilikuwa kinapumua humo ndani.

Wacha niseme na hili, halafu tuendelee. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika na watu tukajifungia ndani. Nyumbani kwangu kulikuwa na unga wa ngano kilo mbili na pakiti moja ya levire iliyokwisha kufunguliwa. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kukanda, watu walikuwa hawajalala. Mimi nikachanganya kwa mwiko gizani, nikafunika. Siku iliyofuata watoto wa nyumba mbili walikula mkate wa moto. Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba mkate usiokandwa ni mchezo wa wavivu. Maji yalikuwa ya thamani na ulitumia kikombe kimoja na robo. Makala, yaani makaa, yalikuwa machache na yalitosha.

Hatua ya 4: kunja, kisha nenda kanisani

Jumapili saa mbili asubuhi. Nyunyiza unga mezani, tena mwingi bila hofu. Kimwage kinyunga, kitatoka kizima kikivuta nyuzi ndefu. Hizo nyuzi ndizo gluteni, ulizitengeneza ukiwa umelala. Lowanisha vidole, shika upande mmoja, uvute na kuukunja katikati. Fanya hivyo pande zote nne, kama unavyokunja kitenge. Kigeuze, mikunjo iwe chini. Umemaliza kazi yote ya mikono, na haijafika dakika mbili.

Tafuta jani la mgomba, lipitishe juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa, lifute, lipake mafuta kidogo. Kiweke kinyunga juu yake, kifunike kwa kitambaa, uende kwenye ibada. Kitakungoja saa mbili hadi mbili na nusu. Jani hilo ndilo litakalokibeba hadi kwenye sufuria ya moto bila kukuunguza.

Unga uliobaki kwenye mkono wa nguo usiufute. Waumini wenzako watauona. Atakuwepo atakayesema, "Yaya, leo umeamkia mkate?" Itikia kwa kichwa. Ni kweli umeamkia mkate.

Kama nyumbani mna mtu mzima anayeamini kwamba mkate usiotokwa jasho si mkate, usibishane naye. Kanda. Kanda mbele yake dakika kumi kwa kiganja, sukuma, kunja, geuza, mpaka kipande kidogo ukikivuta kati ya vidole kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga bila kuchanika. Tia hamira gramu 4 au 5, subiri kiumuke mara mbili, saa moja na nusu hivi, na mkate utakuwa tayari siku hiyohiyo. Njia hii ni halali na ni ya lazima unapoambiwa asubuhi kwamba wageni wanakuja jioni. Ladha itakuwa pungufu kidogo. Hatajua, maana atakuwa anatazama mikono yako.

Hatua ya 5: moto

Mpaka hapa nimekuruhusu kudanganya kila kitu. Kwenye moto usidanganye. Niko tayari kukukatalia urafiki kwa jambo hili.

Huna tanuri, au unalo na umeme umekwenda. Una mbabula, jiko la makala. Chukua sufuria kubwa nzito, zile zinazoyeyushwa na mafundi wetu wenyewe, na nyingine ndogo inayoingia ndani yake. Chini ya ile kubwa panga vipande vya jiwe la volkano vyenye ukubwa wa yai. Goma haikosi: mkondo wa lava wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na mpaka leo tunajengea kuta na uzio kwa mawe hayo. Yawe makavu kabisa, yaliyokaa juani siku kadhaa. Jiwe lililokuwa kwenye maji lina unyevu vitunduni, ukilipasha unyevu unageuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka usoni mwako. Mwenye mchanga mkavu atumie mchanga, hapungukiwi kitu. Kazi yake ni kuzuia moto wa chini usiuunguze mkate kabla wa juu haujafika.

Ukirudi kanisani saa nne, washa nje au kwenye baraza lililo wazi. Moshi wa makala una sumu isiyoonekana, na nyumba iliyofungwa madirisha imeshawazika watu. Acha sufuria zote mbili zipate moto nusu saa, zikiwa zimefunikwa na makala mengine juu ya mfuniko. Nusu saa kamili. Sufuria ikiwa vuguvugu kinyunga kitatandaa kama chapati iliyokata tamaa, na kazi ya saa 18 itakuwa imekwisha.

Saa nne na nusu ondoa mfuniko kwa koleo, shika jani pembe mbili, shusha kinyunga ndani ya sufuria ndogo pamoja na jani lake, funika upesi. Utasikia kinaungulia. Sasa panga makala: fungu moja chini, mafungu mawili juu ya mfuniko. Waokaji wakubwa hupuliza mvuke ndani ya tanuri ili ganda libaki laini kwa dakika za mwanzo na mkate upate nafasi ya kupanda. Wewe mvuke wako unatoka kwenye kinyunga chenyewe, kwa kuwa kina maji mengi na mfuniko umekikalia. Kwa hiyo usifunue. Usifunue kuonyesha watoto, usifunue kupiga picha. Dakika 30.

Zikipita, ingiza kijiti kidogo ubavuni mwa mfuniko ili mvuke utoke, ongeza makala mapya juu, na uuache dakika nyingine 20 au 25. Hapo ndipo ganda linapata rangi. Harufu itabadilika: kwanza ni jani la mgomba lililochomwa, kisha karanga, kisha mkate. Jirani wa kwanza atatokea karibu na dakika ya 45 akiuliza kama una kiberiti.

Utajuaje umeiva? Utoe, ugeuze, ugonge chini kwa kidole kama unayebisha hodi. Ukiitika kwa sauti ya ngoma, umeiva. Ukinyamaza, urudishe. Kwa urefu wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo moyo wa mkate unaiva kwa joto la chini kuliko wa pwani. Rangi ya nje isikuharakishe. Upe mkate dakika tano zaidi ya ulivyokusudia.

Makala yaliyobaki usiyamwagie maji. Yasogeze chini ya maharagi. Gunia la makala hayo limeteremshwa na kijana kwenye chukudu, kile kigari cha mbao, na sehemu kubwa ya makala ya mji huu imekatwa ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Moto uliowaka kwa mkate na kwa maharagi ni moto mmoja uliookolewa.

Hatua ya 6: usikate

Uweke juu ya kitu kinachopitisha hewa chini, wavu au vijiti viwili, uuache saa nzima. Ganda litaanza kulia, tik, tik, likipasuka nyufa ndogondogo. Mwite mtu asikilize, hiyo ni sehemu ya sifa zako. Lakini kisu kifiche. Ndani wanga bado unashikana na mvuke bado unatafuta njia. Ukikata sasa, kisu kitatoka kinanata, na utaamini mkate haukuiva kumbe wewe ndiye uliyekuwa na haraka.

Hatua ya 7: ukiharibika

Utaharibika siku moja, na namna ya kuharibikiwa ni ufundi pia. Ukiungua chini, kwaruza kwa kikwaruzo cha karoti, upake siagi, uulete mezani umekatwa tayari ili pasiwe na wa kuugeuza. Ukiwa bapa, ukate vipande vyembamba, uvichome juu ya makala, utandaze jibini la Masisi liyeyuke. Wataomba tena. Ukiwa mbichi katikati, kata pembeni uwape wageni, katikati ukaange na yai kesho yake. Ukiwa mgumu kama mawe ya uzio, ukaushe kabisa na uuite wa kuchovya kwenye chai ya maziwa.

Sheria ni moja: usiombe radhi. Mgeni hajui mkate ulitakiwa uweje mpaka wewe umwambie. Akina mama wengi wanaopika vizuri huuza chakula chao kwa hasara mezani, "samahani, leo chumvi imezidi kidogo", na papo hapo kila ulimi unatafuta chumvi. Weka mkate, weka samaki sambaza wa kukaanga na parachichi, keti.

Na swali litakuja, hasa kutoka kwa mama mkwe, akiwa ameshika kipande chake cha pili na anakitazama dhidi ya mwanga.

"Binti yangu, huu mukate uliukanda muda gani?"

"Mama, unga huu umekesha. Tangu jana saa kumi jioni."

Atatikisa kichwa kwa heshima, maana saa 16 si mchezo. Hujamdanganya hata neno moja. Mkatie kipande cha tatu, cha pembeni, chenye ganda jingi.

Jioni, kabla hujalala, kunja mdomo wa ile pakiti ya levire mara mbili, uibane kwa kibanio cha nguo, uitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Bado ina gramu kumi.